Behewa la Kima na Mlango Wetu

Cuzo wangu alikuja Nairobi likizo ya Agosti. Yuko kidato cha tatu, kwao ni Makueni, si mbali na Kima, na alikuwa na ombi moja tu: asipelekwe mahali ambapo kila mtu hupelekwa. Shule yao ilishakuja tripu. Walimwona Ahmed, yule ndovu wa sanamu pale makumbusho ya taifa, wakaenda Bomas, halafu wakasimama nje ya uwanja wa ndege kutazama ndege zikipaa. Wakarudi nyumbani usiku wamelala kwenye basi.

“Dada, mimi nataka kitu cha ajabu,” aliniambia.

Mimi huandika kwa malipo ya makala moja moja, kwa hivyo mfuko wangu hauna safari za mbali. Nikamwambia sawa, ajabu iko, lakini tutapanda treni kwenda na kurudi, na huko tauni tutatembea kwa miguu. Asubuhi ya Jumanne tukatoka kwa Njenga, tukaruka maji machafu pale karibu na reli, tukaingia stesheni ya Imara Daima pamoja na watu wa ofisi na watu wa mjengo. Reli hiyo ndiyo ile ile ya kwenda Mombasa. Kwetu ni njia ya mkato, mahali pa kuanika nguo, soko la viazi. Wachache hukumbuka kwamba Nairobi yenyewe ilizaliwa kwa sababu yake. Mafundi wa reli walifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, miaka mitatu baada ya kazi kuanza Mombasa, wakapiga kambi kwenye bonde la maji kabla ya kupanda mlima. Kambi ikawa bohari, bohari likawa mji. Na neno mukuru kwa Kikuyu ni bonde. Kwa hivyo unaweza kusema tumekuwa bondeni tangu mwanzo.

Makumbusho ya Reli yako nyuma ya stesheni kuu, mwendo wa dakika chache. Yalifunguliwa mwaka 1971. Ndani kuna vitu vya kawaida vya reli: taa, saa, tiketi, vyombo vya mezani, picha za wazungu wenye masharubu. Nje uani ndiko kuna mambo. Garimoshi za mvuke zimesimama kwenye nyasi kama ng’ombe waliozeeka. Kubwa kabisa inaitwa Mount Gelai, jina la mlima ulioko Tanzania. Ni ya aina ya Garratt iliyotengenezwa Manchester miaka ya 1950, na uzito wake unapita tani 250. Zilikuwa 34 za aina hiyo, zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Cuzo alipanda, akashika kila chuma kinachoshikika, akashuka mikono imejaa kutu na uso umejaa furaha.

Lakini nilimleta kwa sababu ya behewa.

Behewa lenyewe si kubwa. Ni la mbao, la zamani, na ukipita haraka utadhani ni moja tu kati ya mengi. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa kwenye reli ya pembeni pale stesheni ya Kima. Ndani yake walikuwa watu watatu: Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuwa safarini kuja Nairobi, wakasikia kwamba kuna simba anayekula watu hapo Kima, wakaamua kulala pale wamwinde. Wakagawana zamu. Ryall akachukua ya kwanza, akakaa na bunduki, mlango na dirisha wazi ili aone nje. Usingizi ukamshika.

Simba akaingia kwa mlango. Mlango ulikuwa wa kuteleza, na behewa lilikuwa limeinama kidogo, kwa hivyo uzito wake ulipotikisa behewa mlango ukateleza ukajifunga. Sasa simba yuko ndani na wanadamu watatu gizani. Parenti alikuwa amelala sakafuni, na simba akamkanyaga ili amfikie Ryall. Huebner, aliyekuwa kitanda cha juu, akaruka chini, akakimbilia chumba cha pili walikokuwa watumishi. Huo mlango nao ulikataa kufunguka, kwa sababu watumishi waliokuwa upande wa pili walikuwa wameushika kwa nguvu zao zote. Mwishowe simba akapita dirishani, akaenda na Ryall. Baadaye simba alinaswa kwa mtego, akawekwa siku kadhaa watu wamtazame, kisha akapigwa risasi. Ryall akazikwa Nairobi.

Nilimsimulia cuzo haya yote kwa sauti ya sinema. Nilitarajia aseme “wacha!” na kupiga picha. Kwanza alisema kwamba amepita Kima maisha yake yote na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Kwake Kima ni mahali pa kununua machungwa kwenye barabara ya Mombasa. Kisha akanyamaza, akachungulia ndani, akaniuliza:

“Na hao walioshika mlango waliitwa nani?”

Sikuwa na jibu.

Swali lake lilinisumbua siku nzima, kwa sababu ukianza kuliuliza huwezi kuacha. Reli ya Uganda ilijengwa na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa: kwa malaria, kwa kuhara, kwa ajali, wachache kwa simba. Hesabu hiyo inajulikana kwa sababu kampuni ya kazi huhesabu watu wake kama inavyohesabu mataruma. Simba wawili wa Tsavo, waliosimamisha ujenzi wa daraja mwaka 1898, wana anwani hadi leo. J. H. Patterson aliwaua Desemba mwaka huo, akakaa na ngozi zao nyumbani robo karne zikikanyagwa kama zulia, kisha mwaka 1924 akaziuzia makumbusho ya Field huko Chicago kwa dola 5,000. Bado wako huko, ndani ya kioo. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mabaki yao wakakadiria kwamba walikula watu kama 35, si wale 135 ambao Patterson alikuja kuwataja. Ebu fikiria. Tumbo la simba limechunguzwa mpaka tukajua alikula nini miaka zaidi ya mia iliyopita. Walioliwa, wengi wao hatujui hata kijiji.

Halafu kuna jambo ambalo nyanya yetu alikuwa akilitaja kwa jina moja tu: Ngomanisye. Ni njaa iliyopiga Ukambani miaka hiyo hiyo, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikafuatana na sotoka ya ng’ombe na ndui ya watu. Wakati simba wa Kima anaingia behewani, nchi yote ya kushoto na kulia ya reli ilikuwa imetoka kuzika, au imeshindwa kuzika. Katika masomo ya historia niliyoyapata kabla ya kuacha chuo, njaa hiyo ilikuwa mstari mmoja kwenye noti. Afisa mmoja aliyelala kwa zamu ana behewa zima.

Simlaumu Ryall. Alikufa kifo kibaya, na mama yake alilia kama mama mwingine yeyote. Na behewa ni zuri kulitunza. Ninachosema ni kwamba tulisimama pale, watoto wawili wa watu wa Kima, na kitu pekee kilichohifadhiwa kutoka Kima ya mwaka ule ni kile mgeni alichokuja nacho.

Kutoka reli tukapanda na Moi Avenue hadi Archives. Kila mtu wa Nairobi anajua Archives. Ukitaka kupatana na mtu tauni, unamwambia “nangoja Archives”. Deni hulipwa pale, mapenzi huanza pale na mengine huishia pale, chini ya sanamu ya Tom Mboya, ambaye aliuawa mtaa huo huo Julai 1969. Nimesimama nje ya jumba hilo mara nyingi kiasi kwamba walinzi wananijua. Kuingia, nilikuwa nimeingia mara moja tu. Cuzo alishangaa kwamba kuna ndani.

Jumba lilijengwa mwaka 1906 kuwa benki, National Bank of India. Sasa ghorofa ya chini ni ukumbi uliojaa vitu vya mtu mmoja: Joseph Murumbi. Vinyago, vitambaa, mapambo, silaha, viti, picha, na vitabu adimu kwa maelfu. Vimepangwa karibu karibu, mpaka unahisi umeingia sebuleni kwa mjomba tajiri asiyetupa kitu.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911, mama Mmaasai na baba Mgoa. Akawa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 akawa makamu wa pili wa rais wa Kenya, kwa miezi michache tu, kisha akaacha siasa. Rafiki yake Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi Februari 1965. Baada ya hapo Murumbi alijitia kwenye kukusanya. Mwaka 1972, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, wakaanzisha duka na ukumbi wa sanaa ulioitwa African Heritage. Alinunua vitu vya Afrika wakati ambapo wanaovinunua walikuwa wanavipeleka nje. Yeye alitaka vibaki.

Kwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 akaiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na mikusanyo yake, kwa matumaini kwamba nyumba ingekuwa taasisi ya utafiti wa Afrika, na bustani yake ya miti ya asili ingebaki. Vitabu na vitu vikaja hapa. Nyumba ikaachwa ikaoza, kiwanja kikakatwakatwa, miti ikaangushwa. Murumbi aliishi mpaka akayaona hayo kwa macho yake. Alikufa mwaka 1990, akazikwa City Park karibu na Pinto, kama alivyotaka.

Nilimweleza cuzo hayo tukiwa tumesimama mbele ya kinyago. Akasema, “Kumbe hata makamu wa rais wanambomolea?”

Tukacheka, watu wawili wakageuka kututazama. Lakini nilijua kwa nini alisema “hata”. Nitafika hapo.

Kituo cha tatu kilikuwa Nairobi Gallery, pale pembeni ambapo Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway. Ni jumba dogo la mawe la mwaka 1913, na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Hapo ndipo watu walikuwa wakiandikisha kuzaliwa, kuoana na kufa, mpaka wazungu wakalitungia utani. Hapo pia ndipo penye sifuri ya Kenya: umbali wa kwenda kila mahali ulipimwa kuanzia hapo. Nilimwambia cuzo asimame pale kwenye alama. Akasimama, akasema hahisi chochote. Nikamwambia kwamba ukisoma kibao barabarani kinachosema Nairobi iko kilomita kadhaa, hiyo kadhaa inaishia chini ya viatu vyake. Hapo akatabasamu, akaomba picha.

Ndani kuna sehemu nyingine ya mikusanyo ya Joseph na Sheila Murumbi, hata stempu zake za posta. Ni mahali tulivu. Unaweza kukaa nusu saa bila kusikia honi.

Na ukitoka nje, ukuta kwa ukuta, kuna Nyayo House.

Kila Mkenya anayetaka pasipoti anaijua Nyayo House. Unapanga foleni na faili mkononi, ukiombea picha yako isikataliwe. Chini ya foleni hiyo, chini ya ardhi, kuna vyumba ambamo katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 watu walifungiwa gizani, wakapigwa, wakaachwa siku nyingi ndani ya maji. Wengi walishtakiwa kuwa wa Mwakenya: wahadhiri, wanafunzi, waandishi, wakulima, watu wa kawaida waliopatikana na karatasi. Februari 2003, baada ya serikali kubadilika, vyumba vilifunguliwa watu wakaona. Walionusurika walisimama tena katika seli zao wakaonyesha: hapa, hivi, maji yalifika hapa. Kwa miaka mingi wameomba pawe makumbusho. Mimi na cuzo tulisimama nje, kwa sababu hakuna tiketi ya kuingia huko.

Linganisha na Kapenguria. Kule, seli ambamo wakoloni waliwafunga Kenyatta, Ngei, Kaggia, Oneko, Kubai na Karumba wakati wa kesi ya 1952 na 1953 ziligeuzwa makumbusho, yakafunguliwa mwaka 1993. Unaingia, unasimama ndani ya seli, unasoma jina. Mwaka 1993 serikali ya Nyayo ilikuwa bado madarakani. Seli za mkoloni tulizipaka rangi tukaweka vibao. Seli tulizojenga wenyewe ziko chini ya ofisi ambapo tunaomba ruhusa ya kusafiri.

Cuzo aliuliza kama watu walioko kwenye foleni wanajua. Nikasema wengine wanajua. Wana haraka tu.

Jioni tukarudi na treni. Kati ya Makadara na Imara Daima nikamweleza kuhusu nyumba moja ambayo hatukuifikia, kwa sababu ziara yake haiko kwenye bajeti yetu. Ni African Heritage House, nyumba ya yule Donovan, iliyoko upande wa pili wa barabara ya Mombasa, ikitazama mbuga. Imejengwa kwa mtindo wa nyumba za udongo za Afrika, kuta za mviringo kama za misikiti ya Mali. Reli mpya ya SGR ilipokuwa ikipimwa, nyumba hiyo ilikuwa njiani. Watu wakaandika, wakapiga kelele, na mwaka 2016 ikatangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali kuwa turathi ya taifa. Reli ikapita, nyumba ikabaki.

Nafurahi ilibaki, kwa kweli. Lakini nataka msomaji ashike jambo hili: inawezekana. Reli nzima, ya mabilioni, inaweza kuangalia nyumba moja na kuipisha. Kinachohitajika ni mtu aseme kwa maandishi kwamba hapa kuna kitu.

Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani. Watu walikaa vikao, nyumba zikahesabiwa, plani za barabara na maji zikachorwa pamoja na wakaaji. Mama alihudhuria vikao viwili na alirudi akiongea kama diwani. Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yakaja. Palihitajika barabara. Maelfu ya familia zilibaki kwenye vifusi, zikalala kwenye mahema ya makaratasi juu ya sakafu zao wenyewe, mvua ikinyesha. Shule za watoto zilienda, makanisa yakaenda, choo tulichochangia plot nzima kikaenda. Sitasema nani aliamuru nini. Nasema tu kwamba asubuhi ile tulipewa muda wa kubeba kile mikono inaweza kubeba, na mama akabeba mlango.

Ndiyo, mlango. Godoro aliliacha. Kila mtu alimcheka baadaye, yeye mwenyewe alicheka. Ni mlango wa mabati kwenye fremu ya mbao, na juu yake kuna namba iliyopakwa kwa rangi nyekundu siku ile nyumba zilipohesabiwa. Mama alikuwa na hakika kwamba siku moja mtu atakuja na daftari kuuliza nani alikaa wapi, na yeye atamwonyesha namba. Mtu huyo hajafika. Watu wa skrepu wameuliza bei mara tatu. Mlango uko nyuma ya kabati katika nyumba tunayokodi sasa, dakika kumi kutoka pale ya zamani, na kila tukihama chumba tunauhamisha.

Usiku ule, baada ya ugali, cuzo aliuvuta nje ya kabati akautazama kwa muda. Kisha akachukua karatasi kutoka daftari lake la hesabu na kalamu. Alikuwa ameona vibao siku nzima, kwa hivyo alijua vinavyoandikwa. Aliandika kwa herufi kubwa, akasoma kwa sauti:

“Mlango. Mabati na mbao. Mukuru kwa Njenga. Ulitumika tangu 2009 hadi Novemba 2021. Watu watano waliishi nyuma yake.”

“Andika majina,” nikasema. Akaandika majina, yote matano, na la baba ambaye alikuwa ametuacha kabla ya hapo akaliweka mwisho.

Mama alikuwa anaosha sufuria, nikadhani hasikilizi. Akasema bila kugeuka:

“Na uandike kodi ilikuwa imelipwa mpaka Desemba.”

Cuzo akaandika. Karatasi ilikuwa imejaa, ikabidi mstari huo aubane pale chini kabisa, kwa herufi ndogo. Tukaibandika kwa gundi ya viatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na bado imeshika.